Sindano ya Kukata Njaa: Tuijue Kabla Hatujaitolea Fedha



Limeingia neno jipya katika mji wetu wa Dodoma. Linasemwa sokoni Majengo, linasemwa ndani ya daladala, linasemwa katika vyumba vya kusukia nywele, na zaidi ya kote linasemwa katika simu za mkononi. Neno hilo ni "sindano ya kupunguza mwili". Wako wanaosema ni dawa ya ajabu, inayozima njaa kama mtu anavyozima taa. Wako wanaosema ni sumu iliyoletwa kutumaliza. Na wako wafanyabiashara ambao hawasemi hili wala lile. Wao hutaja bei tu.

Sisi tunaozunguka katika matawi hatuwezi kunyamaza. Kazi yetu ni kusikia na kueleza. Tena tulipita chuo cha ualimu kabla ya kupewa kazi hii, na huko tulifundishwa kwamba jambo lisiloeleweka halipingwi wala halisifiwi mpaka kwanza limeandikwa ubaoni. Wazee walisema mwenye macho haambiwi tazama. Walakini mwenye macho akiwa gizani huhitaji taa, na leo twataka kuiwasha.

TULIYOYAONA

Katika safari moja ya hivi karibuni tulifika nyumba mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilikuwa hapa mjini. Dada mmoja, mtumishi wa ofisi, alituonyesha kichupa kidogo kama kidole. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe, na juu yake kibandiko chenye maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba kitu hicho ni cha utafiti wa maabara tu, si cha kutumiwa na binadamu. Alikinunua kwa mtu ambaye hajapata kumwona uso, akaletewa na kijana wa bodaboda katika jua la saa nane mchana. Aliambiwa auchanganye unga huo na maji, ajichome tumboni kila wiki. Kipimo alipewa kwa maneno ya simu. Wiki ya kwanza alitapika siku tatu. Wiki ya pili alianguka bafuni. Alipompigia muuzaji, simu haikupokelewa tena. Fedha aliyotoa ilikuwa zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi.

Nyumba ya pili ilikuwa upande wa Bahi. Mzee mmoja, baada ya kutusalimu "mbukwenyi" na kutusogezea vigoda, alituonyesha mguu wake. Kidonda cha wayo kilikuwa na miezi minne, hakijafunga. Mzee ana kisukari; aliambiwa hivyo miaka mitatu iliyopita. Vidonge huvipata pale nauli inapopatikana. Mara ya mwisho kupimwa sukari ilikuwa kabla ya mavuno yaliyopita. Tulimwuliza kama amesikia habari za sindano mpya. Akacheka, akasema: "Wanangu, sindano ya kuondoa njaa? Huku kwetu njaa huondolewa kwa chakula."

Tulirudi mjini usiku, na ndani ya gari hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Maana kichupa kile na kidonda kile ni habari moja. Elimu iliyo nyuma ya sindano zile ndiyo elimu hiyo hiyo ambayo ingeuokoa mguu wa mzee. Kwa dada imefika kwa njia ya ulanguzi. Kwa mzee haijafika kabisa.

PEPTIDI NI KITU GANI?

Kila mmoja wetu amewahi kumwona mama akitunga shanga. Anazo shanga za rangi mbalimbali, na kwa kubadili mpangilio tu anatoa mkufu huu, kisha mwingine usiofanana nao hata kidogo. Mwili wa binadamu nao hutunga hivyo. Shanga zake huitwa asidi amino, ziko za aina 20 hivi. Uzi mrefu wenye shanga nyingi huitwa protini. Uzi mfupi huitwa peptidi. Hakuna uchawi hapo. Protini ya nyama, ya maharage na ya maziwa tunayokunywa, tumboni hukatwa ikawa nyuzi fupi namna hiyo.

Lakini baadhi ya peptidi mwili wenyewe huzitunga kwa kazi maalumu, nayo ni kazi ya tarishi. Hutoka kiungo kimoja, hupita katika damu, huenda kubisha hodi katika kiungo kingine na kutoa habari. Tarishi anayejulikana kuliko wote ni insulini. Ana shanga 51, hutoka katika kongosho, na habari yake kwa mwili ni hii: chakula kimefika, fungueni milango, sukari iingie. Tarishi huyu asipotoka, au akitoka lakini milango haimsikii, sukari hubaki njiani ndani ya damu. Hapo ndipo huanza kuharibu macho, figo, moyo na mishipa ya miguu. Huo ndio ugonjwa wa kisukari.

Yuko tarishi wa pili, na huyu ndiye habari ya leo. Jina lake la kitaalamu ni GLP-1. Hutoka katika utumbo mara tu chakula kinapofika huko, naye hufanya kazi tatu. Huiambia kongosho itoe insulini ikiwa sukari imepanda. Huliambia tumbo lisiharakishe kusukuma chakula. Na huuambia ubongo: tumeshiba, weka kijiko chini. Kila mmoja wetu anaye tangu kuzaliwa. Tatizo lake ni moja tu, kwamba hadumu. Katika damu kipo kimeng'enya kinachomkata vipande ndani ya dakika chache, na habari yake ikaishia hapo.

Basi wataalamu walijiuliza: je, anaweza kutengenezwa tarishi anayefanana na huyu lakini asiyekatwa upesi? Jibu lilitoka mahali ambapo hapana mtu angelidhani. Katika majangwa ya Marekani na Mexico yuko mjusi mkubwa mwenye sumu, ambaye hula mara chache tu kwa mwaka. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alitangaza kwamba ndani ya sumu ya mjusi huyo amekuta peptidi inayofanya kazi kama GLP-1, lakini inayodumu kwa saa kadhaa. Kutokana na ugunduzi huo ilipatikana dawa ya kwanza ya namna hii, eksenatidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005 kwa wagonjwa wa kisukari. Zikafuata nyingine: liraglutidi mwaka 2010, semaglutidi mwaka 2017, ambayo hudumu mwilini kiasi cha kuchomwa mara moja tu kwa wiki, na ndiyo inayouzwa kwa jina la Ozempic, kisha tirzepatidi mwaka 2022, ambayo ni tarishi mmoja anayebeba barua mbili. Na hivi sasa ziko nyingine zinazochunguzwa, hata zenye kubeba barua tatu.

UKWELI WA NGUVU YAKE NA MIPAKA YAKE

Hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu kwa kusema dawa hizi ni za uongo. Si za uongo. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, watu wazima 1,961 waliokuwa na unene wa kupita kiasi walifuatwa kwa wiki 68, na wote walipewa mashauri ya chakula na mazoezi. Waliochomwa semaglutidi walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochomwa sindano tupu walipungua asilimia 2.4. Mwaka 2023 uchunguzi mwingine wa watu zaidi ya 17,000 wenye unene na maradhi ya moyo, lakini wasio na kisukari, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza kwa asilimia 20 hatari ya kufa kwa moyo, kupata shambulio la moyo au kiharusi. Huo si mchezo. Ni ushindi wa elimu, na elimu haina taifa.

Walakini kila dawa yenye nguvu ina makali yake. Wengi watumiao hizi hupatwa na kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, hasa mwanzoni na hasa kipimo kikipandishwa kwa pupa. Wachache hupatwa na mawe katika kifuko cha nyongo au uvimbe wa kongosho. Uzito unaopungua si mafuta peke yake. Nyama ya mwili nayo hupungua. Mjamzito hapaswi kuzitumia, wala mtu ambaye katika ukoo wake umo ugonjwa fulani wa saratani ya tezi ya shingo. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, akijichanganyia dawa hizi bila daktari, sukari yake yaweza kushuka ghafla mpaka akazimia.

Tena kuna jambo ambalo walanguzi hawalisemi kamwe. Dawa ikiachwa, njaa hurudi. Walioacha semaglutidi katika uchunguzi ule walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo anayekwambia "nunua chupa tatu tu, umekwisha pona" anakudanganya mchana kweupe.

Na kama dawa ya kweli ina makali, je, ile isiyojulikana? Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa dunia nzima juu ya Ozempic ya bandia iliyokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Mwaka 2023 huko Austria watu walilazwa hospitali kwa kushuka sukari na kupata kifafa baada ya kujichoma sindano ya bandia, na wakuu wa huko walisema dalili zinaonyesha kwamba ndani yake ilitiwa insulini. Hizo ni nchi zenye maabara na wakaguzi kila mahali. Sisi tunayo sheria, Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, na tunayo mamlaka yake, TMDA. Lakini unga wa dada yule haukupita katika mlango wowote wa sheria. Hata kama ungekuwa wa kweli, dawa za namna hii hutakiwa kukaa katika baridi ya jokofu mpaka zitakapoanza kutumiwa. Huo ulipanda bodaboda katika jua la Dodoma.

NJAA TUNAIJUA SISI

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya wanene wa Ulaya, hayatuhusu. Wanakosea, na twaomba wavumilie tueleze.

Nchi hii ya Ugogo inaijua njaa kwa jina. Babu zetu waliyapa majina maovu ya miaka kama watu wanavyowapa majina watoto. Kubwa kuliko zote ni Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwapo, ni kweli. Lakini ukame peke yake Wagogo walikuwa wameuzoea. Kilichowamaliza ni vita ya wakubwa wawili wasiowahusu. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wa kubeba mizigo. Inakadiriwa kwamba watu kiasi cha 30,000 walikufa. Nchi hiyo ndiyo leo inauziwa dawa ya kukata njaa!

Lakini sikilizeni jambo la ajabu. Mwili uliopita katika njaa huweka kumbukumbu. Watu waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa njaa ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945 walipopimwa ukubwani, walionekana kuwa dhaifu zaidi katika kuhimili sukari. Basi mtoto aliyekosa chakula tumboni na utotoni, kisha ukubwani akakutana na wingi wa sukari na mafuta, yumo katika hatari iliyo mbili. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wale wanaosema "tushughulikie utapiamlo kwanza, kisukari baadaye" hawajui kwamba maradhi haya ni ndugu wa tumbo moja.

Na maradhi yenyewe yamekwisha fika. Mwaka 1989 wataalamu wa Muhimbili na wenzao walichapisha habari za watu zaidi ya 6,000 waliopimwa katika vijiji sita vya nchi yetu. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika mia. Mwaka 2012 ulipofanywa uchunguzi wa taifa wa watu wa miaka 25 hadi 64, walikuwa asilimia 9.1. Uchunguzi huu wa pili ulitazama mijini na vijijini pamoja, kwa hiyo hesabu hizi mbili hazilingani moja kwa moja. Hata hivyo kipofu tu ndiye asiyeona njia inakoelekea.

Imekuwaje? Tutazame Dodoma yenyewe. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu yatakuwa hapa. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Twajivunia hayo, maana tuliyapigania. Lakini pamoja na maofisi vimekuja viti vya kukalia kutwa nzima, na magari ya kwenda na kurudi, na vibanda vya chipsi kila kona, na soda inayouzwa karibu na maji kwa bei. Ugali wa uwele na mtama, uliolelewa na ardhi hii kavu, umegeuzwa kuwa chakula cha aibu. Kijana hutaka sembe nyeupe isiyobaki na hata pumba. Mlenda umekuwa wa kuchekwa. Maharage na kunde vimekuwa vya shuleni.

Hapa twataka kuwa wakweli. Chakula chenye nyuzi na protini humwamsha yule tarishi wa utumboni, na nafaka isiyokobolewa huachia sukari yake polepole. Hilo ni kweli. Lakini si kweli kwamba sahani ya mlenda ni sawa na sindano ya semaglutidi. Anayesema hivyo naye ni mlanguzi, ila wa aina nyingine. Chakula chetu hukinga; dawa hutibu. Vyote viwili vina mahali pake.

Twakataa pia tabia ya kumtukana mtu mnene na kumwita mlafi au mvivu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mtu akijinyima na kupungua, mwili wake humpigania arudi alikokuwa: matarishi wa kushiba hupungua, na ghrelini, tarishi wa njaa aliyegunduliwa Japani mwaka 1999, huongezeka. Mwaka mzima baadaye mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo. Mwili haujui kwamba mwenyewe ameamua kupungua. Unadhani Mtunya imerudi. Basi dada yule hakuwa mjinga alipotafuta msaada. Alichekwa kazini, akachekwa nyumbani, na mlangoni pa zahanati hakukuta mtu wa kumshauri. Aliyemkuta ni mlanguzi. Sisi sote tuna sehemu katika kosa hilo.

NANI ANAFAIDI?

Sasa tuseme habari ya fedha, maana ndiyo inayoficha mengi.

Insulini ilipatikana Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod. Januari 1922 mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akifa alichomwa, akapona njaa ya kifo. Mwaka 1923 watatu miongoni mwao waliuza hati ya ugunduzi huo kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu. Dola moja! Walitaka dawa hiyo isiwe mali ya tajiri mmoja. Miaka zaidi ya 100 imepita, na bado wako watoto Afrika wanaokufa kwa kukosa insulini. Basi hata nia njema ya mgunduzi haitoshi, kama wanaohitaji hawana nguvu ya kudai na kupanga.

Tazameni sasa hizi dawa mpya. Mwaka 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale pamoja na wenzao walikadiria kwamba semaglutidi ya mwezi mmoja ingeweza kutengenezwa kwa gharama isiyofika dola 5. Wakati huo, bei iliyotajwa Marekani kwa Ozempic ya mwezi mmoja ilikuwa karibu dola 1,000. Hatusemi kwamba mtafiti asilipwe; utafiti una gharama, na majaribio mengi hushindwa. Lakini kati ya 5 na 1,000 kuna nafasi kubwa mno, na ndani ya nafasi hiyo ndimo anamoingia mlanguzi na unga wake. Bei isiyofikika ndiyo mama wa dawa ya bandia.

Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza semaglutidi, liraglutidi, dulaglutidi na tirzepatidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Lilizitaja kwa wagonjwa wa kisukari cha ukubwani walio pia na unene na maradhi ya moyo au figo. Mwezi Desemba mwaka huo huo likatoa mwongozo juu ya unene wenyewe, likasema wazi kwamba dawa peke yake haitoshi, na kwamba hata uzalishaji ukiongezwa, dawa hizi hazitawafikia hata mmoja katika kumi ya wanaozihitaji kufikia mwaka 2030. Tujiulize: katika hao watakaofikiwa, mzee wa Bahi yumo? Na mwaka 2026 ndio mwaka wa kumalizika kwa hati kuu ya semaglutidi katika nchi kubwa kama India na China, ambako viwanda vingi vilijitayarisha kutengeneza kwa bei ndogo. Mlango unafunguka. Anayelala mlangoni hukanyagwa.

TUNAYOYATAKA

Hatukuandika haya ili kulalamika. Kulalamika ni kazi ya mtu asiye na nchi, na sisi tunayo. Twataka mambo matano.

Kwanza, kila zahanati ya mkoa wetu, kuanzia Kondoa na Chemba hadi Mpwapwa na Kongwa, iwe na kipimo cha sukari kinachofanya kazi na vijiti vyake, siku zote za mwaka. Haifai kuzungumza habari za sindano za wiki wakati tone moja la damu halipimiki. Vidonge vya metformini ni vya bei ndogo na vimejulikana kwa miongo mingi. Hivyo na insulini visikosekane hata siku moja. Hapo ndipo pa kuanzia.

Pili, sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 hapa hapa Dodoma, bungeni. Wabunge waliipitisha wakiwa umbali wa safari fupi tu kutoka kwa mzee wa Bahi. Twawataka wahakikishe kwamba mgonjwa wa kisukari hatembei na bima mfukoni na kidonda mguuni.

Tatu, wakaguzi wa dawa wawafuate walanguzi huko waliko, yaani katika simu. Duka la dawa lina mlango, laweza kufungwa. Mlanguzi wa simu ana majina kumi. Wananchi ndio macho ya wakaguzi. Aliyeuziwa kichupa kisicho na jina la kiwanda, kisicho na tarehe, au kilichoandikwa kwamba ni cha utafiti tu, asikitupe kwa aibu. Akipeleke hospitali, akatoe taarifa. Aibu si yake. Aibu ni ya aliyemwuzia.

Nne, taifa lijitayarishe kununua kwa pamoja. Nchi moja ikienda sokoni peke yake huambiwa bei. Nchi nyingi zikienda pamoja husikilizwa. Vijana wetu wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Dodoma wafundishwe kutengeneza na kupima peptidi, hata kama kiwanda chenyewe kitachukua miaka. Asiyejua kupima atauziwa chaki.

Tano, na hili ni letu sisi wa matawi, tufundishe. Wataalamu wa Hombolo wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya mbegu za mtama na uwele. Tuwaalike mikutanoni waeleze. Shule zetu zipike nafaka hizo bila aibu. Tutembee. Tuache kumpa mgeni soda kana kwamba maji ni matusi. Na mtu mnene akija mkutanoni apewe kiti na heshima, si utani.

NENO LA MWISHO

Adui watatu tulioambiwa tuwapige tangu mwanzo wa Uhuru ni ujinga, maradhi na umaskini. Katika kichupa cha dada yule wote watatu walikuwamo. Ujinga, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Maradhi, kwa sababu mwili wake ulihitaji msaada wa kweli. Na umaskini, kwa sababu msaada wa kweli ulikuwa mbali na mfuko wake, na wa uongo ulikuwa mlangoni.

Dada yule sasa ni mzima. Tulimpeleka hospitali wenyewe, na huko alipimwa sukari kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ilionekana imeanza kupanda. Amepewa tarehe ya kurudi, amepewa mashauri, na ameanza kutembea kwenda kazini asubuhi. Kichupa alikikabidhi.

Mzee wa Bahi tunamrudia wiki ijayo na gari, tumlete hospitali, maana mguu ule haungoji mkutano. Ndugu msomaji, katika kijiji chako yupo mwingine kama yeye. Usingoje sisi. Nenda kamwulize mara ya mwisho alipimwa lini.